Mrushaji wa Akiba

Watu wa Toledo hawakuwa wamezoea kuusoma msimamo wa ligi kuanzia juu. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakifungua gazeti la Jumatatu, wanashuka na kidole mpaka chini kabisa, na hapo ndipo walipoikuta timu yao imejikunyata. Hata mwaka huu wachambuzi wote wa televisheni walikuwa wamekubaliana kwamba Herons wa Toledo, timu yao ya mpira wa Kimarekani, watamaliza wa mwisho, na hakuna aliyebisha, hata mashabiki wenyewe. Sasa ilikuwa Oktoba, mechi tano zimechezwa, Herons hawajafungwa hata moja, na mabingwa wa mwaka jana ndio waliokuwa wakiburuza mkia.

Katika duka la mikate la akina Takacs, upande wa mashariki wa mto, wateja waliingia wakicheka peke yao. Mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha vioo alimwambia Ilona kwamba ameukata ule msimamo gazetini na kuubandika kwenye mlango wa friji, maana kila akiamka anadhani aliota. Kisha akaegemea kaunta, akapunguza sauti.

"Na kaka yako mwambie asiwe na haraka ya kupona. Bega ni kitu cha kupumzishwa."

Ilona akatabasamu, akamfungia mkate wake, akamtakia siku njema. Mzee alipotoka, tabasamu lile likamkauka usoni.

Kaka yake, Andras Takacs, ndiye aliyekuwa mrushaji mkuu wa Herons, yule anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende kwa nani. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minane katika timu isiyojua kushinda, akiangushwa na kuinuka, akiangushwa na kuinuka. Mechi ya kwanza ya msimu huu aliangushwa vibaya, bega likateguka. Kocha akamwingiza mrushaji wa akiba, kijana mrefu, mpole, kutoka Mobile, Alabama, ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja tangu asajiliwe. Jina lake Dorian Tolliver. Siku ile alirusha mpira utadhani alizaliwa nao mkononi. Wakashinda. Wakashinda iliyofuata, na iliyofuata. Kufikia mechi ya nne uwanja mzima ulikuwa ukiliimba jina lake, na Andras amesimama pembeni ya mstari, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akijipiga paja kwa mkono mwingine kwa kuwa hakuweza kupiga makofi.

Kitu ambacho uwanja mzima haukukijua ni kwamba Dorian Tolliver na Ilona Takacs walikuwa wapenzi tangu mwezi wa Tano.

Andras mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani. Alimwambia mama yao kuwa kijana huyu anaishi peke yake na anakula vitu vya makopo, basi amlishe. Mama Magda akamlisha. Tangu hapo Dorian akawa anapita dukani kila Jumanne, siku ya mapumziko ya wachezaji, ananunua mkate wa kuviringishwa wenye kokwa za jozi, anasimama pale kaunta akizungumza mpaka foleni inaanza kuguna nyuma yake. Alikuwa na macho ya mtu asiye na haraka. Akikutazama unajiona umeketi, hata kama umesimama tangu alfajiri. Siku moja Ilona alipomkabidhi mkate, vidole vyao vikagusana na hakuna aliyeviondoa vyake. Jioni ile walitembea kando ya mto Maumee, wakala samaki wa kukaanga kwenye karatasi, na kabla karatasi haijaisha joto walikuwa wameshaambiana yote.

Ni Ilona aliyetaka iwe siri. Alimjua mama yake: angesema mchezaji wa akiba begi lake liko mlangoni siku zote, leo Toledo, kesho kaachwa, na moyo wa msichana hauwekwi kwenye begi la mtu. "Ngoja upate nafasi kwanza," alimwambia Dorian. "Ukishapata nafasi, sote tutasema kwa kichwa juu."

Nafasi ikapatikana. Ilikuwa ya kaka yake.

* * *

Jumatatu ile, baada ya ushindi wa tano, daktari wa timu alimwambia Andras kwamba bega limepona na anaweza kurudi uwanjani. Adhuhuri Andras akapiga simu dukani kumwambia mama yake apike, halafu akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa amemwalika na Dorian.

Dakika chache baadaye simu ya Ilona ikalia.

"Leo nasema," Dorian alimwambia.

Ilona aliingia stoo ya unga, akafunga mlango. Akamsihi asubiri. Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote, alimwambia. Kocha hajaamua nani ataanza Jumapili, nyumba nzima ina roho mkononi. Dorian alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza siku zote.

"Siku zote ni siku mbaya, mpenzi wangu," akasema. "Nitaanza mimi. Wewe sema neno moja tu. Linatosha."

Alikuja amevaa koti jeusi na amenyoa vizuri. Ilona alipomfungulia mlango macho yao yakakutana, naye akageuka haraka kuwaita wengine mezani. Mezani kulikuwa na kuku wa paprika, ile pilipili nyekundu isiyo kali, na madonge ya unga. Majira yote ya joto Mama Magda alikuwa akimwekea Dorian mapaja mawili, akisema kijana wa kimo kile hashibi kwa moja. Jioni ile alimwekea kipapatio.

Dorian akashukuru, akala.

Walizungumza habari za baridi iliyoanza mapema. Kisha Mama Magda akamuuliza Andras kocha amesemaje. Andras akajibu kuwa atawaambia Jumatano. Mama akaweka kijiko chini, akamgeukia mgeni.

"Na wewe, Dorian, unasemaje?"

"Nitafanya atakachoamua kocha, Mama."

"Hilo ni jibu la waandishi wa habari. Hapa uko mezani kwangu."

"Mama, acha," Andras akasema.

"Nimeacha wiki nne. Nimekaa kule uwanjani nikiwasikia watu waliokuzwa na mikate yangu wakiimba ili mwanangu asirudi. Nimkasirikie nani? Siwezi kuwakasirikia watu elfu sitini. Huyu ni mmoja, na amekaa mbele yangu."

Dorian akaweka uma wake kando ya sahani, taratibu.

"Una haki, Mama," akasema. "Kila ninachokifanya uwanjani nimefundishwa na Andras. Hata jana, wakati wa mapumziko, ni yeye aliyenionyesha beki wao anavyochungulia kabla hajakimbia. Bila yeye tungefungwa. Sina cha kukuambia kitakachokupunguzia uchungu. Lakini kuna jambo jingine, na sitaki kuendelea kula chakula chako nikiwa nimelificha. Ni jambo la mimi na Ilona."

Akamgeukia Ilona.

Ilona aliyahisi macho ya wote yakimwangukia. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa meza. Andras alikuwa ameacha kutafuna, bega lake bovu limeinuka kidogo kama linavyoinuka akiwa na maumivu, akimtazama kwa macho ambayo Ilona aliyasoma kuwa ya mtu anayesubiri pigo jingine. Na ng'ambo ya meza, Dorian, mtulivu, amemwachia mlango wazi, anamngoja apite. Neno moja. Lilikuwa pale ulimini.

"Ni keki," Ilona akasema.

Mama yake akauachia ukingo wa meza.

"Anataka tuwaokee timu keki za Jumapili," akaendelea, na sauti ikamtoka nyepesi, ya dukani. "Alikuwa anaona haya kukuomba, Mama, kwa hali ilivyo."

Uso wa Dorian haukubadilika. Macho tu ndiyo yaliyotoka kwake, yakaenda kwenye sahani, yakabaki huko. Hata Ilona alipokuja kuwa mtu mzima mwenye mengi nyuma yake, aliikumbuka safari ile fupi ya macho.

"Ndiyo, Mama," Dorian akasema. "Ni keki."

Mama Magda akauliza za aina gani. Dorian akasema zozote. Akamaliza kipapatio chake mpaka mfupa, akashukuru kwa chakula, akaaga.

* * *

Ilona alimfuata nje kwa kisingizio cha kumpa sufuria ya mchuzi uliobaki. Majani ya mti wa jirani yalikuwa yamejaa njia nzima, na Dorian alisimama kando ya gari lake, funguo mkononi, hajaufungua mlango.

"Nilishindwa," Ilona akasema. "Ulimwona Andras alivyokuwa?"

"Nilikuona wewe."

"Nipe mpaka msimu uishe. Januari tu, Dorian. Mambo yatakuwa yametulia."

Dorian akazigeuza funguo mkononi. Hakuwa na hasira, na Ilona alitamani angekuwa nayo, maana mtu mwenye hasira unaweza kumtuliza.

"Mwezi wa Tano uliniambia tungoje kwa sababu mimi si mtu," Dorian akasema. "Mchezaji wa akiba, begi mlangoni. Nikakubali, maana ilikuwa kweli. Sasa tungoje kwa sababu nimekuwa mtu. Hebu niambie, Ilona. Nikiwa mdogo sikutoshi, nikiwa mkubwa nakuzidi. Ni lini nitakuwa saizi yako?"

"Si wewe. Ni kaka yangu. Umechukua kila kitu alichokuwa nacho. Sisemi umeiba."

"Umesema nimechukua."

"Na mimi nikiondoka upande wake, atabaki na nini?"

"Wewe si kitu cha Andras, hata nikuchukue."

Alisema hivyo kwa upole sana. Akanyoosha mkono, akamwondolea Ilona unga uliokuwa umeganda kwenye unywele karibu na sikio, na mkono ukachelewa pale, kwenye shavu. Ilona akafumba macho. Laiti ningeweza kukaa hapa, aliwaza, bila mtu kuniuliza chochote.

"Nikuulize kitu kimoja," Dorian akasema. "Jumapili nikiangushwa nisiinuke. Utakaa pale kwenye viti vya familia ya Takacs, ukijifanya yule aliyelala humjui?"

Ilona akafungua macho. Mechi zote nne alizocheza Dorian baada ya ile ya kwanza alikuwa amekaa pale mikono mapajani, akijizuia asisimame kila alipopigwa. Alijua angeweza. Alikuwa ameshajifunza.

Dorian akaliona hilo usoni pake. Akautoa mkono.

"Basi," akasema. "Sikuchukii. Nataka ulijue hilo. Ila Jumanne sitakuja."

"Dorian."

"Ingia ndani, baridi inakupiga."

Akapanda gari, akaondoka, sufuria imebaki mikononi mwa Ilona. Kwenye kona taa nyekundu ikamsimamisha. Barabara ilikuwa tupu, na taa ile ilikawia isivyo kawaida, gari limetulia pale na taa zake za nyuma zinawaka. Ilona alikuwa na muda wa kukimbia mpaka dirishani kwake. Alikuwa na muda wa kutembea, hata. Alisimama tu. Taa ikawa ya kijani, gari likakata kona. Baadaye hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote: kwamba muda ulikuwepo.

* * *

Jumatano kocha alitangaza kuwa Dorian ataendelea kuanza. Mama Magda alilia jikoni, akapangusa machozi kwa aproni, halafu Jumamosi akaoka keki, kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake. Dorian hakuja Jumanne. Ilona alimpigia simu siku ya Alhamisi, akamwandikia na ujumbe. Alijibiwa kwa adabu: anamshukuru, anajiandaa na mechi, amtunze Andras.

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wazima walikuwa wamejipaka rangi nyuso, na kila mtu alikuwa akizungumzia msimamo kana kwamba ni hati ya nyumba yake. Ilona alikaa kati ya mama yake na binamu zao. Tangu apewe nafasi, Dorian alikuwa na desturi moja: kabla ya shambulizi la kwanza aliinua macho kwenye viti vya familia na kugusa mkanda wa helmeti yake chini ya kidevu. Watangazaji walidhani ni ibada yake ya bahati. Ilona peke yake ndiye aliyejua ni salamu ya nani. Leo aliingia, akasimama nyuma ya wenzake, akaita mpira.

Hakuinua macho.

Mechi ilikuwa ya kutoana jasho. Wapinzani waliongoza mpaka karibu na mwisho. Mara mbili Dorian aliangushwa, na mara ya pili alikawia kuinuka. Ilona alijikuta amesimama kabla hajajua anafanya nini, mkono mdomoni. Mama yake akamwangalia kwa mshangao. Ilona akaketi. Huku chini Andras alikuwa amekimbilia mstarini, amepiga goti karibu na mdogo wake wa kazi, akimsemesha, mpaka Dorian akatikisa kichwa na kuinuka. Shambulizi la mwisho alirusha mpira mrefu kona ya kulia, ukashuka mikononi mwa mwenzake ndani ya mstari wa goli. Ushindi wa sita. Watu wakakumbatiana na wasiowajua.

Chini ya majukwaa kulikuwa na chumba ambamo familia zilisubiri wachezaji waoge na kubadili nguo. Andras alitoka wa kwanza. Alimbusu mama yake, halafu akamshika Ilona kiwiko, akamvuta kando.

"Mmegombana?"

"Na nani?"

"Ilona, mdogo wangu." Akashusha pumzi. "Nimejua tangu mwezi wa Sita. Mtu ambaye jozi zinamwasha midomo hawezi kununua mkate wa jozi kila Jumanne bure. Anawapa majirani zake, hukujua?"

Ilona hakujua.

"Jumatatu nilimwalika makusudi," Andras akaendelea. "Nilidhani leo watasema, tumalize. Nilinunua hata chupa ya mvinyo. Iko kwenye gari mpaka sasa."

"Usingekasirika?"

"Ningekasirika usiku mmoja. Bega langu najua linaelekea wapi, Ilo, daktari haniambii kipya. Yule kijana nimemfundisha mwenyewe. Angeshindwa ndiyo ingeniuma. Nilichokuwa nasubiri pale mezani ni wewe useme, nipate kukupongeza. Halafu ukasema keki." Akatikisa kichwa. "Nimepigwa na watu wenye uzito wa ng'ombe. Sijawahi kuona mtu akipigwa vile."

Mlango ulifunguliwa na Dorian akatoka, nywele bado mbichi, akitembea kwa kuchechemea kidogo. Mama mmoja mnene aliyevaa kofia ya kanisani akanyanyuka kwenye kiti cha pembeni, akamkumbatia akimwita mwanangu, mwanangu. Alikuwa Bi Verlene, mama yake, amekuja kutoka Alabama kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Andras akaenda kumsalimia, na Ilona akajikuta amemfuata.

"Mama, huyu ndiye Andras," Dorian akasema. "Na huyu ni Ilona. Dada yake."

Aliitamka ile "dada yake" bila kejeli wala uchungu, kama mtu anayesoma kilichoandikwa mlangoni. Bi Verlene akaushika mkono wa Ilona kwa mikono yake yote miwili. Akawashukuru kwa kumlisha mwanawe. Kisha, kwa ule wepesi wa akina mama waliosafiri mbali, akasogea karibu.

"Wewe ni mwenyeji, binti yangu, labda unajua. Aliniambia kuna msichana huku, nije nimwone. Nafika jana, ananiambia yamekwisha, na jina hataki kunitajia. Unamfahamu? Alikuwa msichana mzuri?"

"Mama, tafadhali," Dorian akasema.

Mama Magda alikuwa hatua chache kutoka hapo, anakunja maboksi matupu ya keki. Binamu walikuwepo, wake wa wachezaji walikuwepo. Ilona aliwaona wote na hakumwogopa hata mmoja, na akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Ni mimi, mama," akasema, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia. "Huyo msichana ni mimi."

Boksi likaacha kukunjwa. Bi Verlene hakuuachia mkono wake. Alimtazama tu, kisha akamtazama mwanawe, akaelewa zaidi ya alivyoambiwa. Dorian alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamelowa, na kwa kitambo kifupi yalikuwa yale yale ya kaunta ya dukani, yasiyo na haraka.

"Asante," akasema. "Kweli, Ilona, asante." Akapangusa macho. "Neno hilo ndilo lililonileta Jumatatu."

Ilona alisubiri aendelee, lakini Dorian alikuwa ameshageuka. Akauchukua mkoba wa mama yake, akampa Andras mkono, akamwambia Mama Magda kwamba keki zilikuwa nzuri sana na vijana wamezimaliza. Bi Verlene akamminya Ilona vidole mara ya mwisho, akamfuata mwanawe nje, ambako watu walikuwa bado wakiimba Tolliver, Tolliver, na kupiga honi.

Mama Magda alisogea polepole, boksi bado mikononi. Hakuwa na ukali tena. Alionekana mchovu na mzee.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa Tano."

"Muda wote huo umekaa kando yangu. Mbona hukusema, mwanangu?"

Ilona akafungua mdomo kumjibu. Jibu alilokuwa akijipa wiki zote zile lilikuwa kaka yake, nalo lilikuwa limesimama ubavuni kwake, bega limepona, likimtazama kwa huruma.